Bushi Zinazong'aa

Jumatatu, 3 Machi
Neema imetushukia! Kiwanda kipya cha pampu za maji, kile cha mashine zinazoendeshwa na kompyuta, kimechoka kuagiza bushi kutoka ng'ambo. Kinataka fundi wa hapa hapa. Bushi ni kile kipete cha shaba ndani ya pampu. Mafundi wa kukereza, yaani kuchonga chuma na shaba kwa mashine ya kuzungusha, tuko wawili tu mtaani: mimi, na shemeji, kaka yake mke wangu, niliyembandika jina la Polepole. Sampuli zinatakiwa Alhamisi. Karakana yangu iko hoi. Siku hizi nakereza hewa. Nisipopata kazi hii, nafunga mlango na kwenda kuomba kazi ya ulinzi. Lakini nitaipata. Polepole hatoboi!

Jumanne, 4 Machi
Nimekwenda kiwandani kupeleleza, nikajifanya nimepotea. Jamani! Mkono wa chuma unachukua bushi, unaipachika, unafunga skrubu, wala haupumziki. Na nje ya geti? Seremala anapigilia makasha ya pampu. Mama wa chai kaongeza mabenchi. Dereva wa lori aliyekuwa akishinda kijiweni sasa hana hata muda wa kusalimia. Wote wanakula kwa ajili ya roboti asiyekula. Nikamshukuru kimoyomoyo. Mlinzi akanishika mkono na kunitoa kwa adabu. Nikamshukuru naye.

Jumatano, 5 Machi
Bushi zimekamilika, kipimo barabara. Polepole kachungulia dirishani, akasema zimetoka vizuri, niziache hivyo hivyo. Wivu huo! Za kwake zimefifia kama sufuria kuukuu. Nikatoa msasa laini, nikasugua, nikasugua tena, hadi nikaona meno yangu kwenye shaba. Mke wangu akauliza nani atauona mng'aro huo ndani ya pampu. Nikamwambia mambo ya ufundi aniachie mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Mkaguzi wa kiwanda, dada mmoja mpole, kaweka bushi zangu kwenye mashine ya kupimia. Taa nyekundu. Nyingine, nyekundu. Zote! Akanieleza taratibu kwamba msasa umekula shaba, bushi zimepungua kwa kiasi ambacho jicho halioni. Fundi wa kawaida angebembeleza bushi inayopwaya mpaka ikae. Roboti hajui kubembeleza: bushi ikipwaya, anasimama, na kiwanda kizima kinasimama naye. Za Polepole, pamoja na kufifia kwake: kijani tupu. Nimerudi nyumbani nimenywea. Nikaanza kuulizia sare za walinzi.

Ijumaa, 7 Machi
Polepole kaja asubuhi. Nikajua kaja kunicheka. Kumbe alimwambia mkaguzi kuwa mashine yake moja ya kukereza haitaweza kazi yote ile, na kwamba mtaa huu hauna mtu anayekereza vizuri kama mimi, mradi nifichiwe msasa. Mkaguzi kakubali. Tutagawana kazi nusu kwa nusu! Nilitaka kujibu kwa maringo, machozi yakanitangulia. Mke wangu naye akalia, kisha akaenda kuficha msasa. Nimemkosea sana shemeji huyu. Leo nimemshukuru mbele ya watu, kwa sauti, hadi akaona haya. Karakana haifungwi!

Jumamosi, 8 Machi
Tumekereza tangu jana. Bushi za kwanza zimejaa mezani, zake na zangu, zote zimepimwa, zote safi. Lori linazifuata mchana. Polepole kaenda kwa seremala kuchukua makasha, kaniachia nizifunge kwenye karatasi. Kasisitiza: funga tu, shemeji, funga tu.

Nazitazama. Shukrani imenijaa hadi kooni. Mtu kaniokoa hivi, nami nimlipe kwa asante kavu? Haiwezekani. Bushi zake zimefifia, maskini. Nataka akirudi asiamini macho yake.

Msasa ulikuwa nyuma ya debe la unga. Mke wangu hajui kuficha. Ya kwanza tayari. Naona meno yangu!