Amiin Yangu ya Usingizini kwenye Baraza la Timbo

Wasee, leo nimeaibika mbele ya mtaa mzima, na kipaza sauti kilikuwa kinafanya kazi.

Nawaandikia nyinyi wa Vumbi FC mliotawanyika. Ule uwanja wetu wa nyuma ya mtaa wa Galbet mnaukumbuka. Sasa ni timbo la changarawe. Shimo, malori, vumbi lisilo na mpira ndani yake. Leo maofisa wa mazingira walikuja kusikiliza wananchi. Mkandarasi anataka kuchimba zaidi, halafu kufukia eti baadaye. Tulikuwa tumekubaliana mtaa mzima: tunakataa. Afukie kwanza.

Mimi nilipewa kazi moja. MOJA. Nisimame niseme, "Vijana tunataka uwanja wetu." (Hata mbuzi angeweza, akifundishwa.)

Asubuhi ayeeyo, bibi yangu, akanilisha anjera tano, zile chapati zake laini, na chai ya maziwa ya ngamia. "Kula, kijana wangu. Leo unazungumza na serikali." Nikala. Kosa la kwanza.

Tukaketi chini ya hema, mimi na ayeeyo mstari wa mbele. Kosa la pili. Jua la Garissa mnalijua, hema lilikuwa kama sufuria iliyofunikwa. Sheikh akafungua kwa dua ndefu. Mikono wazi, amiin. Mikono wazi, amiin. Mzee Gedi kando yangu alikuwa anaitikia macho yamefumba, na sikujua kama ni unyenyekevu au usingizi. (Sasa najua.)

Kisha akasimama mtu wa mkandarasi. Ndugu zangu, ile sauti! Laini, ya polepole, kama mama anabembeleza mtoto. Akaanza kusoma mpango wake. Mimi nikawa natazama nje, pale ukingo wa shimo, na macho yakaanza kuona mambo yao. Nikaona alasiri. Nikaona mawe mawili ya goli na Yusuf, kipa wetu, katikati yake, amefunga kikoi chake cha macawis kiunoni, anatukana mabeki. Nikasikia harufu ya lile vumbi baada ya manyunyu. Nikapewa pasi. Nikapiga. BAO! Tukakaa duara kama kawaida yetu, tukamwombea dua mwenye mpira, ili kesho asikasirike akabaki nao nyumbani.

"Tunaomba turuhusiwe kuchimba upande wa mashariki," ile sauti ikasema huko mbali. "Tunaomba pia kazi ya kufukia iahirishwe..."

"AMIIN!" nikaitikia.

Kwa nguvu zote. Mikono juu.

Ningekuwa peke yangu ningepona. Lakini Mzee Gedi akashtuka, "Amiin!" Mstari wa mbele wote, "Amiin!" Ikapita kwenye hema kama upepo hadi kwa akina mama waliokuwa nyuma wakinyonyesha.



Ofisa, madam mmoja wa miwani, akainua kalamu. "Samahani. Mmekubali?"

"Wameitikia wote, madam," akasema mtu wa mkandarasi. Meno yake yote nje. Mpaka magego.

Ayeeyo akageuka polepole. "Ni nani ameanza?"

Vidole vyote kwangu. Mzee Gedi alitumia viwili.

"Njoo mbele," akasema madam. "Jina lako?"

"Zakariya."

"Zakariya, umekubali nini?"

Wasee, nilitafuta uongo. Mimi! Mnanijua, huwa sikosi. Leo sikupata hata mmoja. "Madam, nililala. Nimeota nimefunga bao."

Hema likalipuka. Mzee Gedi akacheka hadi bakora ikaanguka. (Yeye!) Mtu akapaza sauti toka nyuma, "Waryaa, we kijana, bao la ngapi?"

"La ushindi!" nikajibu, nikidhani nimeshaokoka.

"Ulifungia wapi?" akauliza madam.

Nikanyoosha mkono nimwonyeshe goli. Na mkono ukabaki hapo, unaonyesha hewa. Chini yake shimo tu, na lori dogo kama kiatu cha mtoto. "Pale," nikasema. "Yusuf alikuwa anasimama... pale." Sauti yangu ikapasuka kama ya mbuzi. Halafu nikalia. Kwenye kipaza sauti! Kamasi zikasikika hadi barabarani.

Hakuna aliyecheka tena, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Madam akafunua ramani ya mkandarasi. Akaisoma, akamtazama yule wa meno. "Hapa mmeandika ardhi isiyotumika."

"Ilikuwa tupu, madam. Hakuna jengo."

Ayeeyo akasimama, na ulimi wake wa Kisomali, mnaujua, hugeuza p kuwa b na v kuwa f. "Tubu? Mimi nimeosha nguo za hao watoto kila siku. Lile fumbi lilitoka wabi?"

Madam akasema amiin ya mtu aliyelala haiandikwi. Akauliza tena, sote tukiwa macho, na tukakataa. Kisha akanipa kalamu na ile ramani. "Chora uwanja wenu ulipokuwa."

Nikachora mbele ya watu wote, pua bado inatiririka. Mistari imepinda. Madam akaitia sahihi, akaifungia kwenye faili. Uamuzi utakuja baadaye, hakuahidi kitu. Njiani ayeeyo alinishika mkono kama mtoto wa chekechea, mtaa mzima ukitazama.

Sasa timbo liko kimya, malori yamelala, na mimi nimekaa ukingoni nawaandikia. Tafadhali msinicheke. Hasa wewe Yusuf, huko Masalani. Goli lako nimelichora dogo makusudi, kwa sababu nakujua unavyofungwa.