Daktari wa Kompyuta Dukani kwa Mama Shela

Tabasamu alipoisikia kompyuta ya Mama Shela ikikoroma nyuma ya magauni ya harusi ya kukodisha, alijua riziki imemwita kwa jina.

"Shikamoo mama. Mashine yako inaumwa."

"Marahaba. Inaumwa nini?"

"Imevimbiwa. Maneno ya siri yamejaa tumboni. Nikukamulie, wala hulipi kitu."

Mama Shela, mwanamke wa kupenda vya dezo, alimvutia kiti haraka.

Binadamu ana vituko! Duka hulifunga usiku kwa kufuli la kutisha, lakini kila kivinjari cha intaneti kilipomuuliza, "Nihifadhi neno la siri?" alibonyeza "Ndiyo" ili kimwache apumue. Sasa yote yalikuwa humo, pamoja na la ukurasa wa duka mtandaoni wenye maelfu ya wateja. Kazi ya Tabasamu ilikuwa kuiba kurasa za namna hiyo na kuziuza, na mnunuzi alikuwa anamsubiri jioni hiyo hiyo.

"Geuka mama, fumba macho. Maneno ya siri yakitoka yana mionzi."

Mama Shela akageukia ukutani, kajifunika uso kwa shela. Tabasamu akafungua barua pepe yake mwenyewe palepale, akajitumia kila kitu. Kivinjari kikamuuliza naye: "Nihifadhi neno la siri?" Kwa haraka zake akabonyeza "Ndiyo", akaaga.

Alipofika chumbani kwake, barua pepe ikamkataa. Akajaribu tena, ikamkataa. Simu ikalia.

"Daktari, una mkono mwepesi!" Mama Shela alikuwa anacheka. "Mashine imepona, mpaka inanifungulia barua zako, na namba yako ya simu nimeitoa humo humo."

"Mama, usiguse!"

"Nimeshagusa. Neno la siri nimebadilisha, lile lako lilikuwa jepesi mno. Na hizi kurasa za watu ulizozirundika humu, zote sasa zinatangaza magauni yangu."

"Nitakushtaki!"

"Nenda, baba. Ukawaambie nimekuibia vitu ulivyoiba."

Mama Shela hakuwa amemaliza.

"Ukurasa wako wewe nao nimeutumia. Picha yako nimeivisha suti ya bwana harusi. Umependeza, mwanangu!"

Hajashusha pumzi, mama yake mzazi akapiga simu.

"Yaani unaoa, mimi niliyekuzaa nijue kwa tangazo?"

"Mama, nimeibiwa..."

"Nyamaza! Mimi na shangazi zako tumeshapanda gari, tunakuja kumwona mkwe. Nisipomkuta, mimi si mama yako tena."

Simu ikakatwa. Tabasamu alimwogopa mama yake kuliko polisi. Akampigia tena Mama Shela, kwa sauti ya mtoto aliyevunja sahani.

"Samahani mama... ukiacha magauni, bibi harusi pia unakodisha?"