Kingamwili Isiyoganda

Jumatatu, 10 Machi 2014

Na jambo jingine kuhusu Asnath: hata akipiga chafya, napenda. Tumefunga ndoa Januari. Yeye yuko maabara ya hospitali kule Kasulu, mimi Lusajo niko stoo ya dawa hapa Kibondo. Serikali ilitupa cheti cha ndoa kwa mkono wa kulia, ikatupangia vituo kwa mkono wa kushoto.

Leo neema imeshuka. Gari la chanjo kutoka Mwanza limeacha kwetu kifurushi cha Kasulu. Ndani, kichupa kidogo kama ncha ya kidole. Nikampigia mke wangu. Kwa sauti ile inayoyeyusha msumari, akanieleza kuwa ni kingamwili ya utafiti wao wa saratani ya koo. Kwamba mwilini kuna protini inayozuia uvimbe, kama askari wa zamu. Seli ikijeruhiwa, askari anabandikwa alama ya kikemikali iitwayo fosfeti, ndipo anaanza kazi. Kingamwili hii humshika askari aliyebandikwa tu. Asiye na alama inampita kama haimjui.

Nikamwambia mimi nimebandikwa tangu Januari. Alicheka! Halafu akasema nikiweke kwenye friza, sampuli za wagonjwa zinakisubiri, na Jumatano Isihaka dereva akipeleke.

Isihaka. Yeye amuone mke wangu, mimi nibaki nahesabu glovu.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwendea Dokta Raymond, mkuu wetu. Nikamweleza kwamba kitu nyeti namna hii hakisafiri na dereva peke yake, kinahitaji msindikizaji mwenye kidato cha nne na elimu ya baridi. Akauliza elimu ya baridi nimesomea wapi. Nikasema nimezaliwa kwenye baridi ya Tukuyu. Akasema Isihaka anabeba chanjo tangu mimi sijaota ndevu, nirudi stoo.

Isihaka alikuwa mlangoni, kasikia yote. Akaniahidi kumfikishia shemeji salamu, na kama kuna busu nilifunge vizuri kwenye bahasha lisimwagike njiani.

Basi, mpango wa pili. Mchana nimekichomoa kichupa kwenye friza ya hospitali, nikakipeleka dukani kwa Gharibu, mwenye friza na jenereta lake. Kimelala kati ya barafu za ubuyu na migebuka. Gharibu akauliza ni nini. Nikasema ni siri ya serikali. Akasema sawa, bwana harusi, lakini siri hiyo ikipasuka juu ya samaki wake, itabidi serikali iwale wote.

Hesabu yangu ni rahisi. Anayejua kilipo ndiye atakayesafiri nacho. Nimejipongeza kwa soda.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwisha. Asubuhi nimekwenda kukagua. Barafu za ubuyu ngumu kama kokoto. Migebuka inagongana kama kuni. Kichupa changu ni maji. Nimekitikisa, kinacheza. Friza nzima imeganda isipokuwa kitu nilichokificha mimi. Nimeua utafiti wa mke wangu kabla hata ya kuzoea upande wangu wa kitanda.

Isihaka akaja na boksi la chanjo. Nikamwambia kifurushi bado hakijawa tayari. Akauliza kwani kinapakwa hina. Akaondoka na mizigo mingine tu.

Nimemwandikia Asnath meseji kwa mafumbo: mtu akiwa kwenye baridi, wenzake wote wakaganda, yeye peke yake asigande, ana ugonjwa gani? Akajibu kwamba huyo hana ugonjwa, ana mapenzi. Nimefurahi na kuugua kwa pamoja.

Alhamisi, 13 Machi

Nikaamua kukipeleka mwenyewe na kumwangukia miguuni. Dokta Raymond nimemuaga kwa tumbo la kuhara. Kichupa nimekitia ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu za ubuyu. Nikavaa shati la harusi, nikapanda juu ya lori la maharage.

Karibu na Nyakitonto nikaona gari letu linarudi kutoka Kasulu. Isihaka! Nikajilaza kati ya magunia, nikajifunika turubai hadi likapita. Nilicheka hadi utingo akauliza kama nina malaria.

Maabara Kasulu nimepokewa na Esteri, anayefanya kazi na Asnath. Akasema Asnath hayupo. Kifurushi kilipokosekana jana, ameamua kukifuata Kibondo. Ameondoka asubuhi na Isihaka. Hakunipigia kwa sababu alitaka kunishangaza.

Nikakaa chini. Nikamkabidhi kichupa na kukiri kwamba kilikataa kuganda. Akakipangusa ubuyu. Akasema hakigandi, kimewekewa glisirini, kama hii ya kupaka mikono, na kwamba kingeganda ndiyo ningekuwa na la kulia. Kisha akauliza kwa nini kinanuka mgebuka.

Ijumaa, 14 Machi

Asnath amelala kwangu. Mimi nimelala kwake. Amepiga simu alfajiri kusema nisiondoke, anarudi leo na Isihaka anayefuata mitungi ya oksijeni. Nikaapa siondoki. Mara Dokta Raymond naye akapiga, akasema nisipokuwa stoo leo leo, tumbo langu litapata barua ya onyo.

Lori la saruji. Nyakitonto tena. Safari hii sikujificha, nilisimama juu ya mifuko nikipunga mikono yote miwili. Isihaka akasimamisha gari katikati ya barabara, lori likashindwa kupita. Akatangaza kwamba tairi lake analitilia mashaka. Akalizunguka gari polepole, akalipiga teke tairi, akazunguka tena, akalipiga teke lile lile.

Tulisimama kwenye tope, mimi na mke wangu. Nilikuwa mweupe kwa saruji. Akaniita mwizi wa hospitali, akanipangusa uso kwa kitenge chake. Hata utingo aligeuka pembeni.

Jumapili, 16 Machi

Asnath amepiga. Kichupa ni kizima. Ila kingamwili ya kwanza hushika tu, haionekani. Inahitaji ya pili, ije iishike ile ya kwanza na kuleta rangi. Hiyo ya pili iko njiani, itapitia Kibondo. Dokta Raymond ameshasema ni Isihaka, na mimi nisiiguse.

Nimetafakari sana. Kosa langu lilikuwa migebuka. Masista wa parokia wana jokofu la umeme wa jua, safi, halina harufu. Leo baada ya misa nimewapelekea mananasi mawili ili tuzoeane.

Asnath wangu, fua lile shati la harusi nililoliacha kwako. Kabla mwezi huu haujaisha, nitakuwa mlangoni kwako.