Tiketi ya Meli Wakati wa Senene

Jumanne, 1 Novemba 1988

Sikukuu ya Watakatifu Wote. Sijashona hata kifungo. Barua imefika kutoka Mwanza: Vestina, mdogo wake mke wangu, anaolewa Jumamosi ya tarehe 26. Placida ameisoma mara tatu. Kisha akanikumbusha, kwa upole unaotisha, ahadi niliyompa tulipooana miaka kumi na moja iliyopita. Kwamba siku moja tutapanda meli pamoja, si kukaa juu ya magunia, bali katika chumba chenye kitanda, shuka na dirisha. Dirisha nilikuwa nimelisahau. Yeye hakusahau.

Jirani Rwezaura, mtunza ghala la kahawa, alisikia. Huyo husikia kila kitu. Akasema tarehe 12 anashuka Bukoba na lori, nimpe pesa atukatie tiketi mapema. Nikamshukuru. Moyoni nilicheka. Mapema! Anayenunua mapema anamwonyesha muuzaji kuwa ana shida. Najiuliza swali moja, na sijui kwa nini hakuna mtu wa Karagwe aliyewahi kuliuliza: tiketi ya meli hushuka bei siku gani?

Alhamisi, 3 Novemba

Utafiti umeanza. Nimenunua daftari. Kutoka kwenye cherehani yangu barazani naliona soko lote la Kayanga. Nimemchunguza Kokwijuka, muuza ndizi. Saa nne asubuhi mkungu ni mia mbili, hasikii la mtu. Saa nane, mia na sabini. Saa kumi na moja wingu likatanda, akaanza kuita kila mpita njia mwanangu. Mia! Hataki kurudi na mzigo kichwani.

Nimeelewa. Kitanda cha meli ni mkungu wa ndizi. Meli ikishaondoka, kitanda kitupu kimeoza. Kwa hiyo dawa ni kungoja jioni ya siku yenyewe. Rahisi mno. Nilitaka kumweleza mtu, lakini hakukuwa na mtu ila Kokwijuka.

Nikanunua mkungu wake kwa bei ya jioni. Placida akautazama, akaniuliza kama nina mpango wa kufungua kilabu. Zilikuwa ndizi za pombe. Mimi, Xaveri, mtu wa Muleba, niliyezaliwa migombani! Hata hivyo, bei ilikuwa nzuri.

Jumapili, 6 Novemba

Baada ya misa nimehoji wasafiri. Mzee Athanasi alipanda meli mwaka 1979, vita vilipokwisha, pamoja na askari waliokuwa wanarudi. Hakulipa hata senti. Nimeandika: bei nzuri kabisa, vita. Lakini hiyo siwezi kuingoja, harusi ni tarehe 26.

Melkiory wa duka la nguo akasema niiogope miezi ya kahawa. Wakulima wakishalipwa, kila mtu anakumbuka ana shangazi Mwanza. Hii ni akili! Inahitajika miezi ambayo watu wana shughuli nyingi, hawana nafasi ya kukumbuka shangazi.

Nyirabageni, anayetusaidia palizi, hajapanda meli. Ila alivuka Mto Kagera kwa mtumbwi akiwa binti, wakikimbia kutoka kwao, na mwenye mtumbwi alipandisha bei kila alipoona mtu anatazama nyuma. Nikampa shikamoo ya pili, bila kujua kwa nini. Kisha nikaandika: usitazame nyuma.

Jumatano, 9 Novemba

Senene! Panzi wetu wa kuliwa wameshuka asubuhi hii. Kayanga nzima iko majanini na mafurushi na chupa. Shule imebaki na mwalimu mmoja. Ofisi za wilaya zimefungwa kwa sababu ambazo kila mtu anazijua. Wateja wangu wameniachia suruali zenye mguu mmoja.

Na hapo, nikiwa nimepiga magoti kwenye umande, jibu likanijia. Nani atasafiri wakati wa senene? Hakuna! Mkoa mzima uko majanini. Meli itaondoka tupu, na karani wa tiketi atasimama mlangoni akiita watu mwanangu. Nilisimama, nikapiga kelele. Senene wote walio karibu nami wakaruka, na majirani wakanisema vibaya.

Jumamosi, 12 Novemba

Rwezaura amepita na lori. Ameniuliza mara ya mwisho kuhusu tiketi. Nikatabasamu tabasamu la mtu anayejua jambo. Placida akampa kifurushi, akasema ni senene wa shangazi yake wa Bukoba. Sikuuliza zaidi. Mwanamume haulizi kuhusu shangazi.

Jambo moja linanishangaza. Kwa desturi yetu mke humkusanyia mumewe senene, na mume humnunulia mke nguo mpya kama asante. Placida ndiye hodari kuliko wanawake wote wa mtaa huu. Kila siku alfajiri anatoka na ndoo mbili. Lakini mimi nimeletewa bakuli moja tu, tena si la kujaa. Wengine wanakwenda wapi? Nadhani ameanza kuzeeka, mikono imekuwa mizito. Nguo nitanunua ndogo kidogo.

Alhamisi, 17 Novemba

Nilimwandikia karani wa tiketi bandarini nimuulize, kwa heshima zote, ni siku gani na saa ngapi bei hushuka. Leo kondakta wa basi ameniletea jibu. Mstari mmoja: bei ni ya serikali, haishuki. Ameweka sahihi Mutalemwa.

Vizuri sana. Muuzaji gani amewahi kusema asubuhi kwamba jioni atapunguza? Hata Kokwijuka aliapa kwa marehemu mama yake.

Alhamisi, 24 Novemba. Bandarini Bukoba, saa kumi

Tumelala jana kwa shangazi wa Placida. Binti yetu Kokugonza tumemwacha Kayanga kwa bibi yake. Leo nimekuja bandarini tangu mchana kuchunguza utupu wa meli.

Si tupu. Sijui nianzie wapi. Kuna madebe ya senene, magunia ya senene, mabeseni ya senene waliokaangwa, na nyuma ya kila debe kuna mtu. Mkoa mzima ulikuwa majanini, kweli. Sasa mkoa mzima unawapelekea ndugu zao wa Mwanza walichokamata! Mimi, mzaliwa wa Kagera, nilisahaulishwa na nini? Nimeegemea ukuta wa dirisha la tiketi, nikijipa moyo.

Saa kumi na nusu. Placida amekuja. Amekaa karibu yangu, akafungua fundo la kanga, akatoa tiketi mbili. Chumba cha vitanda viwili. Chenye dirisha. Kile kifurushi alichompa Rwezaura kilikuwa pesa za tiketi: Placida aliuza senene wake wote. Akasema mwaka huu hakutaka nguo, alitaka tuyaone maji pamoja. Yangu akaniwekea mkononi, akatangulia kupanda ili atandike vitanda. Nilimpenda sana dakika ile, na ninaandika hivyo hapa ili ijulikane.

Lakini watu wanalia kutafuta tiketi. Mama mmoja mwenye madebe mawili ananiahidi mara mbili ya bei. Mara mbili! Saa ya hofu ndiyo bei ya juu. Saa ya mwisho ndiyo bei ya chini. Kwa nini nisiuze juu sasa, kisha ninunue chini baadaye, na faida nimnunulie Placida nguo? Nguo na dirisha! Atafurahi mara mbili.

Nimeuza.

Ijumaa, 25 Novemba. Kwa shangazi

Nieleze kwa utaratibu. Karibu na saa ya kuondoka nilikwenda dirishani kwa Mutalemwa, nikamtajia nusu ya bei. Hakukasirika. Alinyoosha kidole juu ya kichwa changu. Bei ilikuwa imebandikwa ukutani tangu Januari. Nilikuwa nimeiegemea tangu mchana. Na chini yake, kwa chaki: nafasi zimekwisha.

Nikakimbilia langoni. Mlinzi akadai tiketi. Honi ikalia. Placida alikuwa kwenye dirisha lake, ananipungia nipande haraka, anacheka, ameshika mto wangu. Kisha nyuma yake akatokea yule mama na madebe yake mawili. Placida akageuka. Akanitazama tena. Hakucheka tena. Meli ikasogea. Kitu hicho kiliniuma hapa, kifuani, na bado kinauma.

Baada ya dakika tano akaja mbio mtu kutoka basi la Muleba, anahema, tiketi mkononi. Amechelewa. Alitaka kuichana. Nikamzuia. Tukapatana. Nimeinunua kwa bei ya soda moja.

Soda moja! Kwa hiyo bei HUSHUKA. Nilisema! Nilikosea dakika tu.

Jumatatu, 28 Novemba

Nimempokea Placida bandarini alfajiri. Amesema harusi ilipendeza. Watu walipouliza, aliwaambia naumwa tumbo. Mama wa madebe ni mtu mwema, ila anakoroma. Asubuhi, miamba ya Mwanza ilipoanza kutokea majini, Placida aligeuka anionyeshe, akakuta debe. Kisha akafungua leso, akanipa kipande changu cha keki, kimebanwa kidogo. Nilikula nikiwa nimegeukia upande wa pili.

Nikampa faida yote ya nguo. Nikamwonyesha na tiketi ya soda moja. Aliitazama, akanirudishia.

Rwezaura alitukuta na lori. Placida akamwuliza kama anaweza kutukatia tiketi mbili za Pasaka, tukamwone Vestina kwake. Rwezaura akasema hata leo, yuko hapa hapa. Wote wawili wakanitazama.

Nimemwambia asihangaike. Pasaka mkoa mzima utakuwa kanisani. Nani atapanda meli?