Malalamiko Kuhusu Vigoda Mlangoni kwa Jirani Yangu

Kwa Mama Mwenyekiti,
Kikundi cha Kupinga Ukatili kwa Wanawake, mtaani kwetu.

Mama, shikamoo. Ni mimi fundi cherehani wa chumba namba tatu, yule aliyewashonea sare za zambarau. Naandika kwa uchungu, lakini kwa adabu.

1. Tangu fundi bomba, jirani yangu wa ukutani, ampige mkewe wiki mbili zilizopita, wanachama wako tisa wanakuja na vigoda na kuketi mlangoni kwake kutwa. Hawamtukani wala hawamgusi. Wanafuma vitambaa na kumtazama. Mtu mzima akienda kuoga na taulo lake anasindikizwa na macho kumi na manane. Nami napita hapohapo.

2. Wateja wangu wanauliza kuna msiba gani. Nikisema hakuna, wanaketi wapate habari kamili. Jana vigoda vilifika kumi na vinne. Viwili ni vyangu.

3. Kwa miaka sita, kelele zikianza, niliongeza sauti ya redio, kama muungwana asiyeingilia mambo ya mtu na mkewe. Sasa kelele hakuna, na redio nikiiwasha wanachama wako wananiambia nipunguze.

4. Hili ndilo limeniumiza. Muuza mitumba wenu aliniuliza mbele ya wateja, "Fundi, ukuta wenyewe wa mbao. Miaka yote hiyo ulikuwa unasikia nini?"
Nikamjibu, "Taarifa ya habari."
Wakacheka, Mama. Mke wa fundi bomba peke yake hakucheka. Tangu siku hiyo nashona mikono ya mashati ndani nje.

5. Mkiendelea hivi, wanaume wa mtaa huu tutalazimika kuzungumza na wake zetu kwa maneno, kazi ambayo wengi wetu hatukufundishwa. Tayari muuza vocha ameonekana akimwomba mkewe msamaha, mchana kweupe, bila hata kulazimishwa.

Kwa hiyo naomba kikundi kihamie mtaa mwingine, wenye kuta nene.

Nisalimie wanachama wote. Muuza mitumba msalimie kidogo tu.

Mimi niliyekereka, nikiwa bado fundi wenu,
Fundi Cherehani.

N.B. Nimesikia kesi ni Jumatatu na mke wa fundi bomba hana shahidi. Mwambie nitakuja. Nitaanza na ile siku ya kwanza, aliponigongea ukuta akiniita, nami sikuitika.