Kasha Lisilogoma

Jumatatu, 9 Juni

Siku mbaya. Mzee Kasimiri katangaza mbele ya mafundi wote kwamba seva, kompyuta ninayoitunza mimi, inastaafu. Miaka kumi na moja imetunza michoro yote ya karakana, vitanda, kabati, sofa, ikinguruma chini ya meza yangu hapa Keko. Sasa linakuja kasha dogo la diski, linachomekwa kwenye mtandao, kila mtu anachukua faili lake bila kumsumbua mtu. Linaitwa NAS. Mzee analiita nazi. Hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

Wenzangu walipiga makofi. Mimi hapana. Seva ikigoma, Apolonia, mchoraji wetu, huteremka kutoka ghorofani na kusema, "Kaka Anselmo, imegoma tena." Hugoma mara tatu kwa wiki. Ndizo siku zangu za kuishi. Kasha lisipogoma, atateremka kufuata nini?

Nampenda. Basi, nimeandika. Hilo "kaka" tu ndilo linaloniua.

Jumatano, 11 Juni

Nimepewa kazi ya kuhamisha mafaili. Nimeamua folda moja kwa siku. Haraka haraka haina baraka! Kwa mwendo huo tungemaliza Desemba.

Apolonia kateremka, kauliza kwa nini nisiyahamishe yote kwa pamoja. Kayahamisha mwenyewe. Yameisha kabla ya chai ya saa kumi. Ila aliinama karibu kabisa na bega langu.

Ijumaa, 13 Juni

Mpango mpya. Nimemwomba Salumu, fundi wa nakshi, alitengenezee kasha kabati la mninga lenye mlango na kufuli. Ufunguo nakaa nao mimi. Anayetaka faili aje kwangu! Salumu akasema kitu cha thamani hakikai wazi, akashika randa. Kazi safi, sikatai. Maua mlangoni, vanishi mpaka unajiona uso.

Apolonia kaja kulitazama. Kamsifu Salumu dakika kumi. Nikatikisa ufunguo. Hakuuona.

Jumatatu, 16 Juni

Ufunguo uko shingoni tangu asubuhi. Hajaja mtu. Nilisahau kwamba mafaili yanapita kwenye waya, hayapiti mlangoni.

Saa nane, mambo! Kasha limechemka humo ndani, likajizima. Kabati halina hata tundu moja la hewa. Salumu kakasirika, anasema hakuambiwa kwamba kitu chenyewe kinapumua. Mzee Kasimiri kaniangalia, kasema nazi mbovu harabu ya nzima. Sikuuliza nazi mbovu ni ipi.

Lakini aliteremka! "Kaka Anselmo, limegoma." Limegoma! Nikasema tusubiri lipoe. Tukakaa dakika ishirini, mimi na yeye, tukilipepea kwa kipande cha plaiwudi. Sikumbuki furaha nyingine kama ile.

Akauliza kama mtu anaweza kufungua michoro akiwa mbali, tuseme Mbweni. Nikaona nafasi ya kung'ara. Nikamwambia kwa mtaalamu kama mimi, hata akiwa mwezini. Nikamfungulia njia ndani ya robo saa.

Alhamisi, 19 Juni

Apolonia kahamia Mbweni. Duka jipya la Mzee liko kule, na kwao ni kule kule. Kumbe aliomba tangu mwaka jana, akakataliwa kwa sababu michoro iko Keko. Mzee kasema aliyeondoa kikwazo ni mimi. Nimepigiwa makofi.

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema Mungu anibariki, kaka yangu. Kaka yangu! Limeongezeka.

Ghorofani imebaki rula yake. Nimepanda kuitazama mara nne.

Jumanne, 24 Juni

Kasha huandika kila anayeingia. Saa 2:04, Apolonia ameingia. Saa 11:10, Apolonia ametoka. Nasoma hivyo kila siku, ndizo barua zake. Simu hajapiga hata moja. Kasha linafanya kazi vizuri mno, lilaaniwe.

Nimepata akili! Nimembadilishia neno la siri. Kesho hataingia mpaka anipigie, na mimi nitalazimika kumtamkia. Neno lenyewe: nakupenda. Sitakuwa nimetongoza, nitakuwa kazini.

Jumatano, 25 Juni

Saa 2:06, simu. Yeye! Akasema amekataliwa kuingia, ana wateja mbele yake, mtu na mkewe, kaweka simu spika ili aandike vizuri.

Nikaanza. N. A. K. U. Akarudia kila herufi kwa sauti. Yule mke wa mteja naye akarudia, kisha akacheka. Nikasema futa, futa, mtambo umekosea, neno ni keko1234. Akaingia. Akasema asante sana, kaka, akakata.

Nimemkumbuka sana mtoto wa watu.

Lakini tulifika "naku"! Herufi nne kati ya tisa, tena kwa mdomo wake mwenyewe. Kesho nalibadilisha tena.