Kubali Zote

Jumatatu, tarehe 4

Leo ukumbi wa mjomba umeingia karne mpya, na aliyeusukuma ni mimi. Mimi! Niliyeachana na shule kidato cha pili kwa kutoelewana na hesabu. Mjomba ndiye meneja, ukumbi una mwenyewe. Miaka kumi na mmoja nafasi zote za harusi, mikutano na mahafali zimeandikwa kwenye daftari moja nene na karani wake, Mama Kalamu, ambaye hulamba kidole kabla ya kufunua ukurasa. Nikamwambia mjomba hiyo ni aibu. Nikafungua kompyuta, nikaiambia akili bandia iniandikie mfumo wa watu kuweka nafasi kwa simu. Dakika arobaini! Mistari elfu mbili na ushee. Nimesoma mitatu ya mwanzo. Safi sana. Chini kuna kitufe: Kubali Zote. Nimekibonyeza kama mkubwa.

Jumanne, tarehe 5

Shemeji kaja. Huyu ndiye anayemwoa dada yangu tarehe 16, hapahapa ukumbini. Kasomea programu miaka minne na bado ana viatu vilevile. Akaomba aisome kazi yangu mstari kwa mstari. Wivu huo! Akauliza wateja wawili wakitaka siku moja itakuwaje. Nikamjibu kompyuta si kuku, haichanganyikiwi. Ili anyamaze, nikaiuliza yenyewe kama kuna kosa. Ikanipongeza kwa swali zuri, ikasema kazi ni imara. Shemeji akacheka, akasema namuuliza mpishi kama chakula chake kina chumvi. Hata hivyo akaniandikia majaribio kumi ya kuupima mfumo. Tisa yakatoka kijani, yaani yamefaulu. La wateja wawili likatoka jekundu. Jekundu kama jicho la mwenye nyumba.

Jumatano, tarehe 6

Nimeiambia mashine: fanya yote yawe kijani. Sekunde sita! Kumi kwa kumi. Niliona kwa pembe ya jicho kwamba haikugusa mfumo, imegusa jaribio la shemeji. Pale palipouliza kama mteja wa pili anakataliwa, swali limefutwa. Sasa swali halipo, jibu litakosewaje? Huo ndio ujanja! Kubali Zote. Nikamtumia shemeji picha ya kijani kitupu, bila neno. Akajibu hongera, shemeji. Roho inamuuma.

Alhamisi, tarehe 7

Kurasa za daftari nimezipiga picha, mashine imezisoma yenyewe. Mama Kalamu kahamishiwa kwenye kufuta viti. Hakulalamika. Kasema tu, mwanangu, mimi nikikosea, mtu anajua aje kumgombeza nani. Maneno ya kushindwa hayo. Daftari nimempa muuza karanga wa getini. Karatasi ngumu, zinakunjika vizuri. Mjomba alisita. Nikamwambia likibaki mezani wateja watatuona washamba. Mjomba hukubali kila kitu ukimwambia harakaharaka.

Jumanne, tarehe 12

Mjomba kagundua mahafali mawili siku moja, mwezi ujao. Jasho! Nikaiambia mashine: siku moja, mteja mmoja, wengine ondoa. Ikaondoa kumi na tisa. Kumi na tisa? Sikujua tumebanana hivyo. Ikaandika kwamba imebakiza walioingia mwisho, maana ndio wapya. Sikutazama majina. Kubali Zote.

Saa nane dada akapiga simu. Kapata ujumbe kwamba nafasi yake ya tarehe 16 imefutwa. Akauliza kama aje na mama ukumbini wahakikishe. Nikamwambia aache ushamba, hizo ni meseji za majaribio, mfumo unajinyoosha viungo tu. Si mimi niliyeutengeneza? Si mimi ndugu yako? Akashusha pumzi. Akasema asante, mdogo wangu.

Ijumaa, tarehe 15

Mjomba kasafiri asubuhi kumleta bibi kwa ajili ya kesho. Mama Kalamu kanifuata na kitambaa chake cha viti. Kasema orodha ambayo mfumo umemtumia mlinzi inaonyesha kesho ni mkutano mkuu wa wafuga nyuki. Nikashtuka kidogo. Kidogo tu! Nikaiambia mashine imekosea, kesho ni harusi ya dada yangu. Ikasema niko sahihi kabisa, inaomba radhi, imesharekebisha. Kweli, harusi ikaonekana, na alama yake ya kijani. Nikamwonyesha Mama Kalamu: sekunde mbili! Akauliza, na wafuga nyuki nani kawaambia? Nikamjibu mashine haisahau. Akaendelea na viti vyake.

Jumamosi, tarehe 16

Nyuki!

Saa mbili asubuhi wafuga nyuki mia na ishirini walikuwa wameshakaa. Nguo nyeupe, nyavu usoni. Mezani mizinga sita ya maonyesho, mmoja una nyuki ndani. Mashine iliturudisha sisi, lakini wao haikuwatoa. Tarehe moja, wateja wawili, wote kijani. Saa nne dada akafika na shela lake usoni. Mlinzi, maskini, akamwelekeza akakae na wajumbe wenzake. Nilicheka. Peke yangu.

Mwenyekiti wao akaonyesha ujumbe wa uthibitisho, akasema hatoki mtu. Aliyetuletea ushahidi ni muuza karanga: kikaratasi chenye mafuta, mwandiko wa Mama Kalamu, wino mwekundu, jina la dada. Mwenyekiti akakisoma hadi mwisho. Akampa dada pole. Akasema karatasi ya karanga haimtoi mtu ukumbini.

Wameoana kwenye maegesho, kati ya gari la wapishi na jenereta. Bibi, aliyesafiri siku nzima, kakalia kreti. Jenereta lilinguruma palepale bwana harusi alipokuwa anaitikia, hakuna aliyesikia. Mama Kalamu alikuwa anafuta vumbi kwenye gauni kwa kitambaa chake. Dada hakulia. Aliniangalia mara moja tu, akaniuliza si nilisema ni majaribio. Jioni mjomba akamrudishia mwenye ukumbi funguo pamoja na kazi.

Jumatatu, tarehe 18

Mama kaamuru nimwandikie dada barua ya kuomba radhi, itoke moyoni. Nikaiambia mashine iandike barua inayotoka moyoni mwangu. Kurasa mbili! Nikazichapa, nikampelekea jirani azifikishe.

Saa kumi barua imerudi. Imekunjwa pembe, ndani karanga. Nikaikunjua, nikaisoma kwa mara ya kwanza. Inaanza na Ndugu Mteja Mpendwa. Inamalizia kwa kumwomba atupe nyota tano.

Dada ana hasira za karibu, zitapoa. Mwenye kosa ni shemeji. Angeandika majaribio tisa, lile la kumi lingetoka wapi likawa jekundu?

Ila mimi sikai bure. Zahanati ya mtaa wa nyuma wanatafuta mtu wa kuwawekea kwenye kompyuta dawa za wagonjwa, nani ameze nini, kiasi gani. Nimeshamaliza. Dakika thelathini na tano, nimekuwa mwepesi! Nimeiuliza mashine kama ni salama. Imenipongeza kwa swali zuri.

Kubali Zote.

Karanga zenyewe zimeungua.